Kuisoma seli ya kimelea cha malaria kwenye hadubini: mwongozo kamili, kutoka tone la damu hadi kiini

Mwambie mwanafunzi wa maabara akuchoree kimelea cha malaria, atakuchorea pete yenye kito. Mchoro huo hauna kosa, lakini ndio unaowaponza wengi. Kwenye slaidi halisi pete nzuri ni chache. Nyingi zimekatika, zimelala ubavu, au kimebaki kipande cha buluu chenye nukta nyekundu pembeni. Anayetafuta mchoro atazipita. Anayetafuta sehemu za seli, yaani kiini chekundu na sitoplazimu (mwili wa seli unaokizunguka kiini) ya buluu vikiwa pamoja na kwa ukubwa unaostahili, ataziona, na uchafu wa rangi hautamdanganya.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mbali kidogo, kwenye kidole cha mgonjwa, kwa kuwa sehemu hizo haziwezi kuonekana vizuri kama slaidi iliharibika mapema. Nitashikilia zaidi Plasmodium falciparum, inayobeba sehemu kubwa kabisa ya malaria ya Tanzania, Kenya, Uganda na Congo. Spishi nyingine nitazitaja pale zinapotofautiana nayo, na kuelekea mwisho nitagusa vimelea vya malale.

Huenda utauliza kwa nini tuhangaike na BS, yaani kusoma damu kwenye slaidi, wakati kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya robo saa. Vipimo vingi vya haraka hunasa protini ya falciparum iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mgonjwa aliyemaliza dawa na kurudi na homa, kipimo hicho hakiwezi kukuambia kama dawa imeshindwa. Aidha, vipo vimelea visivyo na jeni ya protini hiyo kabisa: Eritrea iliachana na vipimo vya HRP2 mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Na hakuna kipimo cha haraka kinachokueleza vimelea ni vingi kiasi gani wala vina umri gani. Hayo yamo ndani ya seli, na yanasomwa kwa macho.

Hatua ya 1: Slaidi na damu

Tumia slaidi iliyooshwa ikakauka, isiyo na mafuta wala mikwaruzo. Ishike kwenye kingo tu. Alama ya kidole ni mafuta, na mahali penye mafuta damu hujitenga na kuacha matundu.

Vaa glavu. Kwa mtu mzima chagua kidole cha tatu au cha nne cha mkono wa kushoto. Kwa mtoto mchanga tumia kisigino. Futa kwa spiriti, na uache ikauke yenyewe kabla ya kuchoma. Ukichoma kidole kikiwa bado kimelowa, spiriti inachanganyika na damu na kuziharibu seli nyekundu. Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu. Lanseti, yaani kichomeo hicho, ikishatumika inakwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali.

Tone nene na tone jembamba viwekwe kwenye slaidi moja. Kwa tone nene, weka matone madogo matatu karibukaribu, uyaunganishe kwa kona ya slaidi nyingine hadi upate duara la upana wa milimita 10 hadi 12. Kipimo cha unene ni rahisi: likiwa bado bichi, weka slaidi juu ya maandishi ya gazeti. Yasomeke kwa shida kidogo. Yasiposomeka kabisa, damu ni nyingi mno na itabanduka wakati wa kuosha.

Kwa tone jembamba, tone moja dogo linatosha. Gusisha slaidi ya kusambazia kwa pembe ya nyuzi 45, subiri damu itambae kwenye ukingo wake wote, kisha sukuma mara moja bila kusita. Mwisho wa utando uwe na umbo la ulimi, na hapo karibu na ncha ndipo seli nyekundu hulala moja moja bila kupandiana. Andika namba ya mgonjwa na tarehe papo hapo kwa penseli kwenye sehemu nene ya utando mwembamba.

Hatua ya 2: Kukausha na kufiksi

Acha slaidi ikauke ikiwa imelala, mbali na vumbi na nzi. Usiikaushe kwa moto wala juani. Joto linafiksi damu, yaani linaigandisha kwenye kioo, bila wewe kutaka.

Kisha chovya au dondoshea methanoli kwenye utando mwembamba peke yake, kwa sekunde chache. Hapa shika sababu, maana ukiijua hutasahau kanuni. Methanoli inagandisha seli nyekundu zibaki na umbo lake, na kwenye utando mwembamba ndicho unachotaka, ili uone kimelea kikiwa ndani ya seli na uone kimeifanyia nini. Kwenye tone nene unataka kinyume chake: maji ya rangi yazipasue seli nyekundu zote na himoglobini iondoke, vibaki vimelea, seli nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) peke yake. Methanoli, hata mvuke wake, ikigusa tone nene, seli nyekundu hazipasuki tena na utabaki na ukuta mwekundu usiopenyeka. Ndiyo maana slaidi huinamishwa, tone nene likiwa juu, methanoli ikitiririka kuelekea chini.

Hatua ya 3: Rangi ya Giemsa

Rangi hii imepewa jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, aliyeitengeneza mwaka 1904 kwa kutumia methanoli na gliserini ili isiharibike upesi. Ndani yake mna eosini, ambayo ni nyekundu, na azuri, ambayo ni ya buluu. Zinapokutana juu ya DNA hutoa rangi ya tatu, nyekundu inayoelekea zambarau, ambayo hakuna mojawapo inayoweza kuitoa ikiwa peke yake. Sitoplazimu, iliyojaa RNA, hunywa azuri na kuwa ya buluu. Yote utakayosoma baadaye yamesimama juu ya jambo hilo: nyekundu ni kiini, buluu ni sitoplazimu.

Punguza rangi kwa maji ya bafa, yaani maji yaliyorekebishwa kiwango chake cha tindikali, yenye pH 7.2. Nasisitiza namba hiyo. Maji yakiwa na tindikali, eosini inatawala, kila kitu kinakuwa cha waridi na kiini kinafifia. Yakizidi upande wa pili, kila kitu kinakuwa cha buluu na kiini kinamezwa. Maji ya bomba yasiyopimwa yanaweza kukuangusha upande wowote.

Ukihitaji jibu upesi, tumia Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10. Kama slaidi ni nyingi na una nafasi, tumia asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45. Rangi inaingia taratibu na sehemu ndogo za seli hujitenga vizuri zaidi. Rangi iliyokwisha kuchanganywa na maji itumike siku hiyohiyo, iliyobaki imwagwe.

Wakati wa kuosha, usiimwage rangi kwanza. Juu yake huwa kuna gamba jembamba linalong'aa. Ukiinamisha slaidi, gamba hilo linalala juu ya damu na utaliona baadaye kama nukta nyeusi zilizotapakaa. Mimina bafa polepole kutoka upande wa utando mwembamba hadi gamba lielee na kuondoka. Kisha simamisha slaidi, tone nene likiwa chini, ikauke.

Hatua ya 4: Kabla ya kutafuta kimelea, ikague rangi yako

Anza na lenzi ya 10 kupata eneo zuri. Weka tone la mafuta ya kuzamishia, leta lenzi ya 100, pandisha kondensa (lenzi inayokusanya mwanga chini ya slaidi) hadi juu na ufungue mlango wake wa mwanga. Ukizidisha na lenzi za macho za 10 unapata ukuzaji wa mara 1,000.

Sasa tafuta seli nyeupe moja, nutrofili, na ikae katikati ya mwanga. Kiini chake kigawanyike katika vipande viwili hadi vitano vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, na kiwe zambarau iliyokolea. Ukiona kiini hicho ni cha buluu iliyopauka, au cha waridi, simama hapo. Rangi iliyoshindwa kwenye kiini kikubwa namna hiyo haitaweza kukuonyesha kiini cha kimelea chenye upana usiofika mikroni moja. Rudia slaidi. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika, nao una thamani kuliko nusu saa ya kukodoa macho kwenye slaidi mbovu.

Seli nyekundu nazo ni rula yako. Ina upana wa takriban mikroni 7.5, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vyote vingine vipime kwayo.

Hatua ya 5: Kusoma sehemu za kimelea

Tuanze na pete, hatua changa. Pete ya falciparum iliyo changa kabisa ina upana wa kama sehemu moja ya tano au ya sita ya seli nyekundu. Kito chake ni kiini. Mviringo wa buluu ni sitoplazimu, myembamba mno wakati mwingine hadi unahitaji kuzungusha fokasi ndogo mbele na nyuma ndipo uuone ukiingia na kutoka. Usiache kuizungusha fokasi hiyo muda wote unaposoma. Eneo jeupe la katikati si tundu: kimelea katika umri huu ni bapa, na katikati yake sitoplazimu ni nyembamba kiasi cha kutoshika rangi.

Falciparum ina tabia tatu za kukusaidia hapa. Pete mbili au tatu huweza kuwa ndani ya seli moja. Pete moja huweza kuwa na nukta mbili za kiini. Na baadhi hujibandika ukingoni mwa seli, sitoplazimu ikiwa imenyooka kwenye utando kama mstari. Seli nyekundu yenyewe haipanuki. Ukiona tabia hizi pamoja, na pete zote zina umri unaokaribiana, una sababu ya kutosha ya kuandika falciparum.

Kadiri kimelea kinavyokua, kinakula himoglobini. Protini inameng'enywa, lakini hemu (sehemu yake yenye chuma) iliyobaki ni sumu kwa kimelea, hivyo hugeuzwa kuwa fuwele zinazowekwa ndani ya vakuoli (kifuko) ya chakula. Fuwele hizo ndizo hemozoini, ambazo maabara huziita pigmenti. Klorokwini ilifanya kazi yake hapohapo, kwa kuzuia hemu isigeuzwe fuwele. Tofauti na kiini na sitoplazimu, pigmenti haihitaji Giemsa. Ukahawia wake ni wa asili. Alphonse Laveran alikuwa akichunguza pigmenti hiyo katika damu isiyotiwa rangi yoyote huko Constantine, Algeria, tarehe 6 Novemba 1880, alipoona nyuzi zenye uhai zikipigapiga kutoka kwenye moja ya vijiduara vyake. Alikuwa amekiona kimelea cha malaria. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1907.

Ukiwa na mgonjwa wa falciparum, hatua zilizokomaa hutaziona kirahisi kwenye damu ya kidoleni. Kimelea kinapofika karibu nusu ya mzunguko wake wa saa 48, hupeleka protini kwenye uso wa seli nyekundu, seli inaota vinundu na kunata kwenye kuta za mishipa midogo, ubongoni na kwingineko. Kwa hiyo slaidi yenye pete chache inaweza kutoka kwa mtu ambaye vimelea vyake vingi vimejificha ndani. Ukikuta shizonti za falciparum, yaani seli yenye viini vingi vilivyogawanyika kuzunguka bonge moja la pigmenti, ziandike kwenye jibu na umwarifu daktari bila kusubiri foleni. Pigmenti ndani ya nutrofili nayo iandikwe. Ni dalili ya ugonjwa mkali.

Gametositi, hatua inayochukuliwa na mbu, ndiyo rahisi kuliko zote. Ina umbo la ndizi na ni ndefu kuliko upana wa seli nyekundu, kiasi kwamba seli iliyoibeba inabaki kama utando hafifu upande wa tumbo lake. Ya kike ina buluu iliyokolea, kiini kilichokusanyika na pigmenti imejikusanya katikati. Ya kiume imepauka, kiini kimetawanyika na pigmenti pia. Jambo la kukumbuka unapoandika jibu: dawa mseto huua pete vizuri lakini gametositi zilizokomaa huweza kubaki kwa muda. Gametositi peke yake, bila pete, kwa mtu aliyemaliza dawa, si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Andika wazi "gametositi tu", kwa sababu neno "chanya" pekee litamfanya mgonjwa apewe dozi nyingine bila haja.

Kwa spishi nyingine, iangalie kwanza seli nyekundu, kisha kimelea. Kama imevimba na imejaa vinukta vya waridi, na kimelea kimetanda ovyo bila umbo maalumu, fikiria vivax, ambayo ni ya kawaida Ethiopia na nadra kwetu kwa kuwa watu wengi hapa hawana antijeni ya Duffy (alama kwenye uso wa seli nyekundu) ambayo kimelea hicho huitegemea kuingia kwenye seli. Imevimba kidogo, ina vinukta, imechongoka upande mmoja na kingo zimechanikachanika: ovale. Haijavimba, nayo imevukwa na kimelea kwa mkanda kutoka ukingo hadi ukingo: malariae. Vinukta vya vivax na ovale havionekani kama bafa ilikuwa na tindikali, na hilo linaturudisha kwenye pH.

Hatua ya 6: Kujua mipaka ya kioo chako

Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana chini ya mikroni 0.2 hivi, hata ukinunua lenzi ya gharama gani. Ndani ya kimelea hiki mna sehemu muhimu sana zilizo chini ya mpaka huo au zisizoshika Giemsa. Kwenye ncha ya merozoiti, seli changa inayoingia kwenye seli nyekundu, kuna vifuko viitwavyo roptri na maikronemu vinavyomwaga protini za kujishikiza na kupenya. Kuna mitokondria moja, inayopigwa na dawa ya atovakwoni. Na kuna apikoplasti, kiungo chenye tando nne kilichotokana na mwani uliomezwa zamani mno, chenye DNA yake. Doksisaiklini hufanya kazi kupitia kwake. Hakuna kati ya hivyo utakachokiona kwenye slaidi ya zahanati. Mtu akikuonyesha nukta ndani ya pete akaiita mitokondria, usikubali.

Hatua ya 7: Kuwatenga wadanganyifu

Chembe sahani iliyolala juu ya seli nyekundu ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Iweke katikati na uulize maswali mawili. Je, nyekundu na buluu zimetengana? Kwenye chembe sahani zimechanganyika kuwa zambarau ya chengachenga. Je, iko ndani au juu? Ikiwa juu, mara nyingi ina duara jeupe kuizunguka, na ukizungusha fokasi inakuwa wazi kabla ya seli au baada yake. Mabaki ya kiini cha seli nyekundu, ambayo utayakuta kwa wagonjwa wa selimundu, ni nukta moja ya zambarau yenye mviringo kamili na haina buluu yoyote. Uchafu wa rangi uko kwenye fokasi tofauti na damu, na uko pia nje ya seli.

Rangi moja, au rangi mbili zilizovurugika: si kimelea. Kanuni hii naitumia hata ninapokuwa na hakika.

Malale na kala-azar kwa slaidi hiyohiyo

Katika maeneo ya mbung'o, usiondoe slaidi kwa sababu tu hukuona pete. Tripanosoma ya malale iko nje ya seli nyekundu, ina urefu wa mikroni 14 hadi 33, na Giemsa inaonyesha muundo wake vizuri ajabu. Kiini kiko katikati. Karibu na ncha ya nyuma kuna nukta ndogo ya zambarau, kinetoplasti, ambayo ni DNA ya mitokondria: maelfu ya viduara vya DNA vilivyofungamana kama pete za mkufu. Kando ya nukta hiyo ndipo mjeledi huanzia, ukatambaa ubavuni mwa seli huku ukiinua utando wa mawimbi, na kutokea mbele ukiwa huru. Fuata mstari huo wote kwa jicho. Ukipata kiini, kinetoplasti na mjeledi, umepata jibu. Uzi wa pamba una urefu tu.

Kabla hata ya kutia rangi, weka tone bichi chini ya kifuniko cha kioo na utazame kwa lenzi ya 40. Utaona seli nyekundu zikisukumwasukumwa kabla hujakiona kinachozisukuma. Kwa malale ya aina ya rhodesiense, iliyopo Tanzania na Uganda, vimelea kwenye damu huwa vingi. Kwa gambiense, aina ya Congo, huwa vichache, na mara nyingi hutafutwa kwenye maji ya tezi za shingo. Kwenye maji ya uti wa mgongo ndiko Aldo Castellani alikoviona mwaka 1902 huko Entebbe, wakati malale ikiangamiza watu wa Busoga.

Lishmania, kimelea cha ugonjwa wa kala-azar unaovimbisha wengu na unaojulikana Baringo, Turkana na Pokot, inasomwa kwa mantiki hiyohiyo kwenye sampuli ya wengu au uboho. Ni viduara vya mikroni 2 hadi 4 ndani ya makrofaji (seli kubwa za kinga), na kila kimoja lazima kiwe na vitu viwili vyekundu visivyolingana: kiini cha mviringo na kinetoplasti ya kifimbo. Ukikosa kifimbo, usiandike lishmania.

Hatua ya 8: Kuhesabu na kuandika jibu

Soma maeneo (eneo ni duara unaloliona kwa wakati mmoja) yasiyopungua 100 ya tone nene kabla ya kuandika "hakuna kimelea kilichoonekana". Ukipata vimelea, hesabu pamoja na seli nyeupe. Ukifikisha seli nyeupe 200 ukiwa na vimelea 100 au zaidi, maliza eneo ulilomo na usimame. Vikiwa pungufu, endelea hadi seli nyeupe 500. Kisha zidisha vimelea kwa 8,000 na ugawe kwa seli nyeupe ulizohesabu. Vimelea 120 kwa seli nyeupe 200 ni 4,800 kwa kila mikrolita. Namba ya 8,000 ni makadirio. Kama maabara yako imepima seli nyeupe za mgonjwa huyo, tumia zake. Gametositi usizijumlishe na hatua nyingine, ziandike kando.

Jibu kamili lina spishi, hatua zilizoonekana, na wingi, kwa mfano: "P. falciparum, pete, 4,800 kwa mikrolita, gametositi zipo." Mafuta yafutwe kwenye lenzi kwa karatasi laini ya lenzi kila unapomaliza kazi, na slaidi chanya ihifadhiwe kwenye kisanduku kikavu chenye giza ili msimamizi aweze kuisoma tena bila kuambiwa wewe uliona nini.